Pesa Ikikwama Katikati, Nani Anashika Simu?

Juzi mteja wetu mmoja, mama mwenye duka la nafaka, alituma karo kutoka kwa simu yake hadi akaunti ya benki ya shule. Kwetu pesa ikatoka. Shuleni haikufika. Akatupigia, tukamwambia aulize benki. Benki ikamwambia atuulize sisi. Alizungushwa siku tatu, mtoto yuko nyumbani, na kila aliyepokea simu yake alikuwa na adabu sana.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu sisi wa sekta hii hupenda kusifu ushirikiano. Na una mengi ya kusifiwa. Si zamani sana, ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wenye namba ya kutolea pesa, kisha aanze kumtafuta wakala wa mtandao wako. Mwaka 2018 Safaricom na Airtel ziliunganisha mifumo yao, pesa zikaanza kuingia moja kwa moja kwa mpokeaji.

M-Shwari ni mfano mzuri zaidi. Ilizinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni sehemu ya NCBA. Benki ilikuwa na leseni ya kupokea akiba na kukopesha, lakini matawi yake yalikuwa ya kuhesabika. Safaricom ilikuwa na mamilioni ya wateja na mawakala hadi vichochoroni, lakini haikuwa benki. Kila mmoja akaleta alichokuwa nacho, na mtu wa boda akafungua akaunti ya benki akiwa steji, bila fomu wala foleni.

Sasa shida iko hapa. Ushirikiano ukienda vizuri, mteja haoni mshono. Anaona menyu moja tu. Tumesikia watu wakisema akiba yao ya M-Shwari iko "kwa simu". Haiko kwa simu. Iko benki, na ndiyo maana benki ikianguka kuna bima ya amana ya KDIC inayokulinda hadi shilingi 500,000. Fuliza vilevile: unaiona ndani ya M-PESA, lakini wanaokukopesha ni benki, yaani NCBA na KCB. Kama hujui hilo, mambo yakiharibika utajuaje pa kwenda?

Maoni yetu ni haya: kampuni uliyoanzia ndiyo ibebe malalamiko yako mpaka mwisho. Kutafuta tatizo liko upande gani ni kazi yetu na wenzetu. Sisi tuna kumbukumbu za muamala na tunajua wa kumpigia upande wa pili. Wewe una simu yenye chaji asilimia nane. Kuna watakaosema hiyo ni gharama, kwamba tutajikuta tukisafisha makosa ya mwingine. Kweli, wakati mwingine itakuwa hivyo. Lakini tulipokata ada ya kutuma hatukusema ni ya mwingine.

Hadi tufike huko, jikinge. Kabla ya kubonyeza "Kubali", tafuta ule mstari unaosema nani anashika pesa zako, nani anakukopesha na nani atapewa taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa hizo zitatumika vipi. Usifute ujumbe wenye namba ya muamala. Na mtu akikupigia akisema, "Tunashirikiana na benki yako, tupatie PIN tumalize kuunganisha", kata simu. Hakuna mshirika wetu anayehitaji PIN yako, na hata sisi hatuihitaji.

Yule mama alipata jibu siku ya nne. Namba ya akaunti ya shule ilianza na sifuri, na hiyo sifuri ilipotea njiani kati ya mfumo wetu na wa benki. Kila upande ulikuwa ukiangalia skrini yake na kuona mambo yako sawa. Hatimaye mtu wetu mmoja na mmoja wa benki wakaketi kwa simu, wakafungua skrini zao kwa pamoja. Iliwachukua dakika kumi na mbili.