Mlipaji Aonyeshwe Hesabu

Kwa takriban miaka 40, Nairobi ilitoza ada za ardhi kwa kufuata daftari la uthamini la mwaka 1982. Thamani zikiwa zimekwama, wenye mamlaka walipandisha kiwango hadi asilimia 34 ya thamani hiyo kongwe. Mwaka 2023 daftari la 2019 lilianza kutumika, kwa asilimia 0.115 ya thamani mpya.

Uthamini mpya twaukubali, kwani ardhi iliyopanda bei yapasa kuchangia zaidi. Siri ndiyo tunayoikataa. Ada hii hupimwa kwa thamani ya kiwanja pasipo jengo. Haiulizi kama duka limeuza au limelala. Mwenye jengo huilipa, kisha huipakia juu ya kodi ya pango, na mchuuzi asiyepata kuliona daftari ndiye abebaye mzigo.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kiliipa kaunti mamlaka ya kutoza. Kifungu cha 201 kikaamuru uwazi na ushiriki wa umma. Twadai basi daftari liwekwe wazi katika kila wadi, kwa Kiswahili, na wapangaji wa maduka wasikizwe kabla ya kiwango kupitishwa. Serikali ya wananchi haimfichi mlipaji hesabu yake.