Wanaotutetemesha hawaijui besi

KUTOKA STEJI, na Gitau Mwangi

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipanda matatu katika steji ya Kahawa Wendani, nikaishia kiti cha nyuma. Ninyi mnaonisoma kila Jumamosi mnajua jinsi ninavyokikwepa kiti hicho. Chini yake palikuwa na sanduku la spika lenye upana wa kiti chenyewe, na kabla hatujaingia Thika Road meno yalikuwa yakigongana kinywani mwangu.

Mbele yangu aliketi mama kijana aliyempakata mtoto wa miezi mitatu hivi. Kila besi ilipodunda, mtoto alitupa mikono kama anayeanguka. Mama alimfunika masikio kwa shali, akaona haitoshi, akaweka na viganja. Tulipofika Githurai alimwita makanga kwa upole: "Kaka, tafadhali punguza kidogo, mtoto anashtuka."

"Siste, hii ni nganya. Kama unataka kimya, shuka upande ingine."

Vijana wawili walicheka. Sisi wengine tulinyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma hadi leo ninapoandika. Mama alishuka Roysambu. Hakurudishiwa nauli. Nilimwona kupitia dirishani akimbembeleza mtoto kando ya barabara, akingoja gari jingine ambalo ilimbidi alilipie upya.

Marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianza kutuuliza redioni mwaka 1966: Je, Huu ni Ungwana? Miaka mingi tulimsikiliza, tukacheka, tukatikisa vichwa. Jumanne hakuna abiria aliyemtetea yule mama.

Tulipopita Garden City dereva alibadilisha wimbo, na hapo hasira yangu ikapata sababu ya pili. Aliweka "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika. Wimbo huo naujua kama njia ya kwetu. Nilikaa nikaisubiri besi ya Tommy Malanga, ile inayotembea, inasimama kidogo, halafu inalijibu gitaa la Omar Shabani kama mzee anayemjibu mwenzake barazani. Sikuisikia. Nilisikia du, du, du. Noti ya juu ilitoka du, noti ya chini ilitoka du. Sauti ya mwimbaji ilikuwa mbali kabisa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: hawa wanaotutetemesha hawaipendi besi. Hawaijui. Besi ni noti, nayo noti ina jina na mahali pake. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ule mwembamba mara 98. Kazi yote ya mpiga besi iko katika tofauti hizo, na katika kujua wakati wa kuunyamazisha uzi kwa kiganja. Sasa fundi anatengeneza sanduku lenye tundu lililopimwa lingurume kwa nguvu kwenye mtetemo mmoja tu, kwa sababu mwenye gari alimwambia anataka "igonge". Chochote utakachocheza humo kitaegemea ngurumo ile ile. Kisha dereva anaisukuma ampu kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi vinakatwa, sauti inatoka imechanika. Mabati ya gari nayo yanaanza kuimba. Malanga atapona wapi katika hayo?

Na ugonjwa huu haukuanzia barabarani. Ulianzia sebuleni, siku tulipokubali kununua muziki kwa namba. Nenda Luthuli Avenue au duka lolote la vifaa vya umeme pale Githurai, usome kartoni za wufa. Zipo zinazoandika wati 10,000, na zinazopita hapo. Soketi ya nyumbani kwako inatoa volti 240, na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha: 3,120. Huo ndio mwisho wa umeme unaoweza kupita pale ukutani, hata ungechomeka pasi, birika au heta. Hizo wati elfu kumi zinatoka wapi? Karibu na namba hiyo, kwa maandishi madogo, utaona herufi PMPO: kipimo kisicho na kanuni moja inayotambulika, na kila kiwanda hukijaza kinavyopenda. Geuza wufa, usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme inaotumia. Mara nyingi utakuta wati 60 au 100. Mteja amelipia elfu kumi, amepewa spika ndogo ndani ya boksi la mbao nyembamba, na ili aridhike kwamba hakuibiwa anafungulia kitufe cha besi hadi mwisho.

Anayeumia ni jirani. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alinunua wufa yake mwezi uliopita. Anaamini anatugawia muziki. Lakini wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu unaokaribia mita 7, na ukuta wa mawe ya Ndarugo unaomeza maneno na magitaa hauwezi kulimeza hilo. Kwa hiyo mwenye wufa anasikia wimbo. Mimi huku chini napata mdundo peke yake, usiku kucha, bila mwimbaji.

Sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayozisimamia, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku. Usiku wenyewe kisheria unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Ni nani Wendani aliyewahi kuuona usiku wa namna hiyo? Msiniambie haiwezekani. Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alipokaza kanuni zake, matatu zilipata mstari wa njano, mikanda na vidhibiti mwendo katika majuma machache, na wenye magari waliokuwa wameapa kwamba haiwezekani walipanga foleni. Kelele inaendelea kwa sababu wanaopaswa kuikomesha hawapandi matatu.

Kuhusu masikio nitasema kidogo, kwani madaktari wamesema ya kutosha. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inashauri desibeli 85 zisizidi saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu. Fanya hesabu: kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Kutoka Wendani hadi mjini asubuhi ya msongamano ni saa nzima na zaidi. Makanga yule hukaa humo tangu alfajiri hadi usiku, na ana umri wa miaka ishirini na kitu. Aliniomba nauli mara mbili kwa sababu jibu langu la kwanza, kwamba nimeshalipa, hakulisikia.

Ombi langu ni kwa wenye magari. Lipeleke gari lako kwa fundi, umwambie hutaki igonge, unataka isikike. Kisha mwenyewe ukae kiti cha nyuma, uweke "Sina Makosa", umtafute Malanga. Ukimpata akitembea noti baada ya noti, na mtu wa kiti cha mbele akaweza kuzungumza na makanga bila kupiga kelele, hapo una muziki ndani ya gari. Jumatatu nitakuwa steji saa kumi na mbili na nusu, na gari la namna hiyo nitalisubiri hata likichelewa.