Mbuyu Wako Akiambiwa Tezi Dume Itolewe: Maswali ya Kuuliza Kabla Asaini

Cheki hii. Desemba 22, 2023, Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Bosi wake, Rais Biden, hakuambiwa. Januari 1 Austin akarudishwa hospitali na maambukizi ya njia ya mkojo, siri ikamwagika, na baadaye akakubali alikosea kunyamaza. Mei 2025 ikawa zamu ya Biden kutangaza ana saratani hiyo hiyo, na ilikuwa imeshafika kwa mifupa.

Sasa kama msee wa Pentagon alificha, mzee wako pale Ukunda ama Msambweni atakuambia saa ngapi? Wewe unamsikia tu akiamka mara nne usiku kwenda choo. Ukimuuliza, anasema ni uzee. Inaweza kuwa uzee, lakini inaweza kuwa kitu kingine.

Wanatoa nini hasa?

Hapa ndio wengi huchanganyikiwa. Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka mrija wa mkojo. Ikivimba bila saratani, daktari hupunguza nyama ya ndani tu, mara nyingi kupitia njia ya mkojo bila kuchana tumbo. Ikiwa ni saratani ambayo haijasambaa, anaweza kuitoa yote. Kwa hivyo swali la kwanza ni: "Daktari, unatoa kiasi ama yote?" Aliyetolewa kiasi bado anahitaji kupimwa baadaye, maana sehemu iliyobaki inaweza kupata saratani.

Na kipimo cha damu cha PSA peke yake si hukumu. Hupanda hata kwa maambukizi ama uvimbe wa kawaida. Saratani inathibitishwa kwa kukata vipande vidogo vya tezi na kuvipeleka maabara.

Lazima kisu?

Si lazima. Saratani inayokua polepole inaweza kufuatiliwa tu kwa vipimo. Mionzi pia ipo: Mandela alitibiwa nayo 2001 na akaishi hadi 2013. Lakini piga hesabu ya Kwale. Mionzi mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mashine ziko Mombasa. Mtu wa Lunga Lunga asiye na wa kumlaza ng'ambo ya feri atachoka na nauli kabla dawa ifanye kazi. Muulizeni daktari hiyo waziwazi.

Baada ya theatre

Tezi ikitolewa yote, atarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja ama mbili. Ukitolewa, mkojo huvuja. Kwa wengi hali hupungua ndani ya miezi, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga husaidia. Boda na kubeba mizigo, asahau mpaka daktari aruhusu.

Nguvu za kiume zinaweza kupungua. Kurudi kwake hutegemea umri na kama mishipa iliokolewa, na inaweza kuchukua hata miaka miwili. Shahawa hazitatoka tena, kwa hivyo anayetaka mtoto aseme mapema. Mama naye aambiwe haya yote kabla, asije akadhani amechukiwa.

Mpira ukiziba, akipata homa, akitoa mabonge ya damu ama mguu mmoja ukivimba, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Doo je?

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa kuanzia Sh300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima. Hakikisha imelipwa sasa, usingoje tarehe ya upasuaji. Kisha uliza pale hospitali ya rufaa Msambweni ama Coast General: SHA inalipa nini, na nini kinabaki kwa mfuko wenu?

Najua kuongea na baba mambo ya chini ya kiuno ni haya tupu. Basi mtume mjomba. Ila jua kitu kimoja: kijana ambaye babake ama kakake amepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine. Ukimwambia mzee afunguke, unajitetea na wewe pia.