Mtandao Upi Una Kasi Nairobi? Kwanza Niambie Unakaa Wapi

Kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu za simu, watu hudhani nina siri za kampuni za simu. Swali ni lile lile kila wiki: niweke laini gani ili intaneti ikimbie? Nami hurudisha swali: unakaa wapi, unafanya kazi wapi, na saa ngapi ndipo unapotumia intaneti zaidi? Wengi hukunja uso. Walitaka jina la kampuni, basi.

Mwezi uliopita niliamua kuzunguka na simu moja na laini tatu za kampuni tofauti. Programu za kupima kasi siziamini sana, kwani mara nyingi huchagua seva iliyo karibu nawe kabisa, pengine ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Hiyo ni kama kupima mbio za matatu ndani ya steji. Kwa hivyo nilipakua faili ile ile mara mbili kila mahali: mara moja kutoka kwa seva iliyo hapa Nairobi na mara ya pili kutoka kwa seva iliyo Ulaya. Nilianzia Posta Kuu kwenye Kenyatta Avenue, nikapita Kencom, kisha Westlands, Lavington, Kawangware, Kangemi, nikamalizia Uthiru. Jioni nilirudi kwa njia hiyo hiyo. Majina ya kampuni nayaacha, maana simu moja na mpimaji mmoja si ushahidi wa kumhukumu mtu. Lakini hili nalisema bila wasiwasi: laini iliyoongoza asubuhi pale Posta Kuu ndiyo iliyoshika mkia Kawangware saa mbili usiku. Na vijiti vya mawimbi vilikuwa vimejaa kote kuwili!

Vijiti hivyo vinawadanganya wengi. Vinakuonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Havikuonyeshi ni watu wangapi wengine wanaozungumza na mnara huo huo wakati huo huo. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye masafa ya upana wa MHz 20 na antena mbili unaweza kufikia takriban megabiti 150 kwa sekunde, na hapo hali iwe nzuri kabisa. Watu 50 wakipakua kwa pamoja, ni megabiti 3 kwa kila mmoja. Wale walio mbali au ndani ya nyumba hula muda mwingi zaidi wa mnara kwa data ile ile, na hivyo kuwapunguzia wote.

Sasa tazama jinsi jiji hili linavyopumua. Asubuhi watu humiminika kutoka magharibi kwa Waiyaki Way na Naivasha Road kuelekea mjini, na simu zao zinakwenda nao. Saa sita mchana mzigo uko Moi Avenue na Tom Mboya. Saa mbili usiku mzigo umehamia Kangemi, Kawangware na Kinoo. Lavington na Kileleshwa nyumba nyingi zina faiba, kwa hivyo mtu akifika tu simu inahamia Wi-Fi na mnara unapumzika. Ng'ambo ya barabara hakuna mapumziko: mtoto anasomea kwa simu ya mama, kaka anatazama mpira, na jirani anatafuta kazi.

Ongeza mabati. Karatasi ya chuma ni ukuta mzuri sana dhidi ya mawimbi ya redio, na mtu aliyezungukwa na mabati pande zote na juu hupokea yale yaliyopenyeza mlangoni na dirishani. Kisha kuna mabonde. Magharibi ya Nairobi ni migongo na mabonde, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo ni mashahidi, na mnara ulio juu ya mgongo mmoja haumwoni aliye chini ya mgongo wa pili. Hapa masafa ya chini kama MHz 700 na 800 yana faida: hupenya kuta na kufika mbali kuliko yale ya MHz 2100 au 2600. Kampuni mbili zenye idadi sawa ya minara zinaweza kukupa huduma tofauti kabisa chumbani kwako kwa sababu hiyo tu.

Neno linalonikera katika matangazo ni "hadi". Enzi za 3G tuliambiwa "hadi 7.2", baadaye "hadi 21". Hizo ni megabiti, na faili zetu tunazihesabu kwa megabaiti, kwa hivyo gawanya kwa 8: 7.2 inakuwa 0.9. Na hata hiyo 0.9 ni ya mnara wenye mteja mmoja tu. Jina lilibadilika, 4G ikaja mwishoni mwa 2014 na 5G ikaanza kuuzwa mwaka 2022, lakini "hadi" imebaki pale pale.

Wenye umri wangu watakumbuka tulivyosubiri nyaya za baharini. TEAMS ilipofika Mombasa Juni 2009 na SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, tuliacha kutegemea setilaiti, na wengi tulidhani mjadala wa kasi umekwisha. Kumbe msongamano ulihama tu, ukatoka baharini ukaja kukaa kati ya mnara na simu. Hata hivyo bahari haijaacha kutukumbusha: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja na Afrika Mashariki nzima ikajikokota. Ndio maana nilipima kwa seva mbili. Mahali ambapo faili ya Nairobi ilishuka haraka, ile ya Ulaya ilisuasua, na kila ombi la kwenda na kurudi hugharimu milisekunde zaidi ya 100. Ukurasa wenye maombi 30 yanayosubiriana unakula sekunde 3 kabla hata hatujazungumzia ukubwa wa picha. Ajabu ni kwamba tovuti nyingi za Kenya, zinazosomwa na Wakenya, zimepangishwa ng'ambo.

Lakini jambo linaloniudhi zaidi ni bando za muda mfupi. Chukua GB 1 ya saa moja. Piga hesabu: GB 1 ni megabiti 8,000, na saa moja ni sekunde 3,600. Ili umalize ulichonunua, lazima upate megabiti 2.2 kila sekunde, saa nzima, bila kupepesa. Ukiwa Kangemi usiku ukapata megabiti 1, utakuwa umetumia MB 450 saa inapoisha. Umelipia kilo ya sukari, ukapimiwa chini ya nusu, na duka limefungwa. Wa Westlands aliyelipa pesa hizo hizo amebeba kilo yake yote. Wanaonunua bando za saa moja ndio wasioweza kununua ya mwezi, na ndio wanaoishi kwenye minara iliyojaa. Kampuni inayouza data kwa saa na iahidi kasi ya chini kabisa, si ya "hadi", na isipoifikia irudishe megabaiti zilizobaki. Kompyuta zao zinajua kila baiti iliyopita. Programu ya kufanya hivyo hata mimi ningeiandika.

Mamlaka ya Mawasiliano hutoa ripoti za ubora wa huduma, na hilo ni jema. Mimi nataka matokeo ya kila wadi na ya kila saa, hasa ya jioni. Ofisi zao ziko Waiyaki Way, na matatu za kwenda Kangemi zinapita hapo hapo.

Nasi tunaoandika programu tuna sehemu yetu. Tunajaribu kazi zetu kwa Wi-Fi ya ofisi, kwa simu ghali, halafu tunashangaa mteja wa Kawangware akifuta programu. Skrini ya kwanza ya programu yangu sasa haizidi kilobaiti 150, na malipo yakikatikia njiani yanauliza hali yake upya badala ya kumtoza mtu mara mbili.

Na kwa anayetaka bado kuambiwa laini gani: simu nyingi hapa huchukua laini mbili. Azima ya jirani wa mlango wa pili, si ya rafiki wa mtaa mwingine. Ijaribu saa mbili usiku, ndani ya chumba unacholala, mlango ukiwa umefungwa, kwa siku tatu mfululizo. Itakayofungua ukurasa wa benki yako bila kukwama ndiyo laini yako, mpaka uhame nyumba.