Python 2 ilikufa, taarifa ya msiba haikufika Kyerwa

Wadau, nimekuwa kimya, mitihani ilinibana. Leo naandika kwa hasira, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nikiwa BTP kwenye sekondari moja Kyerwa, nilikuta kompyuta kuukuu ya Ubuntu yenye KA Lite, ile programu ya kuangalia masomo ya Khan Academy bila intaneti. Kidato cha pili waliitumia kwa hesabu kila jioni. Mimi, mjuaji kutoka chuo, nikaona Ubuntu imezeeka. Nikachomeka fleshi, nikaweka 24.04. KA Lite ikagoma. Inataka Python 2.7, na Ubuntu hiyo haina Python 2 hata kwenye hazina ya vifurushi vyake. Nikaondoka madogo hawana masomo.

Niliposimulia hosteli, jamaa wa kompyuta wakacheka. Eti Python 3 ilitoka Desemba 2008, Python 2 ikafika ukomo Januari 1, 2020, miaka 11 yote mlikuwa wapi? Nawauliza na mimi: tangazo lilipita wapi? Kwenye intaneti! Mashine iliyowekwa ifanye kazi bila intaneti ingelisikia vipi?

Sisemi tung'ang'anie ya zamani. Programu isiyozibwa tena matundu ya usalama ni hatari, na wafunga vifurushi wa Debian na Ubuntu hawawezi kubeba maiti milele. Tena walikwenda taratibu: kwa miaka mingi python2 na python3 zilikaa pamoja kwenye mashine moja, kila programu ikiita ya kwake. Aliyeruka ngazi ni mimi. Sikuuliza nini kinategemea nini. Sikunakili diski. Hata Kolibri, mrithi wa KA Lite anayetumia Python 3, sikuibeba.

Ninachopinga ni kusema haya ni mambo ya mafundi tu. Mwalimu anayeweza kuandika andalio la somo anaweza kubandika karatasi ukutani: mashine hii ina programu hizi, zinahitaji matoleo haya, jaribu kwanza kwenye mashine nyingine. Karatasi moja tu ingenizuia.

Likizo hii nashukia Kayanga, nasalimia nyumbani, kisha naenda Kyerwa na Kolibri kwenye diski. Anayetaka kucheka, achangie nauli kwanza.