KARIAKOO NI JASHO LA WAPAGAZI, MVAMIZI NI NANI?

Kijana unayesoma gazeti hili ukiwa umesimama Mtaa wa Kongo, mzigo wa mitumba begani na jicho moja kwa mgambo, hebu jibu swali dogo. Jina Kariakoo limetoka wapi?

Usione haya kama hujui. Shuleni ulikaririshwa Vasco da Gama alifika Malindi mwaka gani, lakini hakuna aliyekwambia habari ya ardhi unayoikanyaga. Watawala wana sababu ya kunyamaza. Mtu asiyejua nyumba ni ya babu yake, ukimwambia atoke anatoka.

Mwaka 1916, Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Vita ya Kwanza ilikuwa bado inaendelea, na katika nchi isiyo na barabara, mizigo ya jeshi ilibebwa kichwani. Wakakusanywa vijana wa Kiafrika, wengi kwa nguvu, wakaingizwa katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Kambi yao ikawekwa hapo penye jengo la soko ambalo Mjerumani alilijenga na hakuwahi kulitumia. Wazee wetu hawakuhangaika na matamshi ya mzungu. Carrier Corps ikawa Kariakoo.

Sasa soma vibao vya mitaa. Narung'ombe. Mahiwa. Hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini, mkoa wa leo wa Lindi. Wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria, si kwa risasi. Ukienda pale Posta utaikuta sanamu ya askari na bunduki yake, iliyosimamishwa mwaka 1927. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu, sanamu hana. Sanamu yake ni jina la mtaa wako.

Kwa hiyo wewe mbeba mzigo wa leo, usiambiwe umeingia Kariakoo kwa bahati mbaya. Mtaa huu tangu siku ya kwanza ni wa wabeba mizigo.

Mkoloni naye alikuwa na mpango wake wa mji. Uzunguni kando ya bahari kwenye upepo mzuri, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini nyuma huku, penye vumbi na maji machafu. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa kututenga, ndiyo hiyo Mnazi Mmoja. Waliogopa magonjwa yetu, lakini mikono yetu waliihitaji kila asubuhi.

Lakini ona walichokifanya wazee wetu huku nyuma. Walijenga nyumba za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Wenye nyumba wengine walikuwa akina mama. Barazani pakauzwa maandazi, pakachezwa bao, na pakazungumzwa siasa. Yanga ikazaliwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936, zote za vijana wa mitaa hii hii. Leo unazipigania hadi unagombana na mkeo, kumbe asili yake ni barazani kwako.

Na siasa je? Mwaka 1929 ikaundwa African Association hapa hapa mjini, katibu wake akiwa Kleist Sykes, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani. Ofisi ikajengwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Haikujengwa kwa ruzuku wala kwa msaada wa wafadhili. Ilijengwa kwa michango na kwa wanachama kujitolea kufanya kazi kwa mikono yao. Katika ofisi hiyo, Julai 7, 1954, ikazaliwa TANU.

Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya chama, alipokelewa na watu wa mitaa hii. Wanawe Kleist, Abdulwahid na Ally, walikuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU. Dossa Aziz alitoa gari lake, John Rupia akatoa fedha zake. Bibi Titi Mohamed akawaendea akina mama katika vikundi vyao vya ngoma, na TANU ikajaa wanawake kabla wasomi hawajaamka usingizini.

Tusemezane ukweli, kijana. Hawa walilipwa nini? Abdulwahid alifariki mwaka 1968, na historia ya chama ikamweka pembeni. Bibi Titi alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Baadaye sana wakakumbuka kumpa barabara, ile inayopita ubavuni mwa Mnazi Mmoja. Mtaa wa Kipata nao ukapewa jina la Kleist Sykes. Shukrani ya watawala wetu ni kibao cha bati baada ya mazishi.

Na ile ofisi ya New Street? Kiwanja kile leo ni ofisi ndogo ya CCM, bendera ya kijani inapepea. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Waliochanga hawakuwa CCM, maana CCM imezaliwa Februari 5, 1977. Walikuwa Watanganyika wote waliotaka uhuru, na wajukuu zao leo wamo katika kila chama. Ndivyo ilivyo kwa viwanja vya mpira pia. Kirumba kule Mwanza, Sokoine kule Mbeya, Sheikh Amri Abeid kule Arusha, vyote ni mali ya CCM, wakati vilijengwa enzi ambazo mwananchi hakuwa na chama kingine cha kuchagua. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Mali ya wote haikurudi kwa wote. Kama huu si ujanja wa sungura, ni nini?

Turudi kwako. Mkoloni alikuwa na sheria ya kuwakamata vijana wasio na kazi na kuwarudisha vijijini. Aliwaita wahuni. Uhuru ukaja, na mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, vijana wakasombwa kwenye malori wakiitwa wazururaji. Mwaka 2018 ukauziwa kitambulisho cha 20,000, ukaambiwa sasa hakuna atakayekugusa. Oktoba 2021 ukaguswa, meza yako ikavunjwa, na kile kitambulisho hakikukukinga hata na mvua. Miezi michache kabla, Julai 10, 2021, soko kubwa lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu mwaka 1975, lilikuwa limeungua. Mwaka 2023 na tena 2024 wenye maduka nao wakafunga milango kulalamikia kodi. Novemba 16, 2024 ghorofa likaporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Sisemi barabara zizibwe, wala sisemi mji usiwe na utaratibu. Mama mjamzito naye anahitaji njia ya kupita, na gari la zimamoto vilevile. Nasema hivi: utaratibu unaopangwa bila mwenye mtaa ni ule ule wa mkoloni, umebadilishwa rangi ya shati tu. Nyumba za wazee zinaondoka moja moja, ghorofa linapanda, warithi wanahamia Chanika na Mbagala, na wewe mbeba mzigo unaitwa uchafu. Wanaopewa vibali vya kujenga wanajulikana. Wanaovikagua wako wapi siku ghorofa linapoanguka?

Basi fanya mambo matatu. Kwanza, mtafute mzee mmoja wa mtaani kwako kabla hajafa, umuulize alichanga nini na kwa nani. Pili, diwani akija kuomba kura muulize mipango ya Kariakoo ilipitishwa kikao gani, na wewe ulikuwa wapi. Tatu, usiuze kura yako kwa kofia na fulana. Babu yako alichanga senti zake akapata nchi, wewe unachukua fulana unapoteza meza.

Mgambo akikuuliza tena wewe ni nani hapa Kariakoo, mwambie umsaidie kusoma jina la mtaa. Kisha umuulize yeye ametumwa na nani.