Huruma Haikagui Mshono

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu kazi za kufuma za Tarime na Serengeti, barua zimetufikia za aina mbili. Za kwanza zinalalamika kwamba seti ya mtoto mchanga, yaani sweta, kofia na soksi, ni ghali mno wakati mtumba umejaa mnadani. Za pili zinatuomba tuwahimize wasomaji wanunue "ili kuwasaidia mabinti" waliokimbia kukeketwa na sasa wanafuma. Za kwanza nazielewa. Hizi za pili ndizo zilizonikera. Zimeandikwa na watu wema, lakini naona zinashusha thamani ya kazi hii kuliko mtumba wowote.

Msomaji wetu hahitaji kuelezwa Desemba, msimu wa ukeketaji, ina maana gani huku kwetu. Anazijua nyumba salama za Masanga na Mugumu, na anajua kwamba binti aliyekimbia kukeketwa, akishapata pa kulala, anahitaji shule au ufundi wa kumweka mjini bila kumtegemea mtu. Hapo sina ubishi na yeyote. Ubishi wangu unaanzia sokoni, pale kofia inaponing'inizwa ikiwa na lebo inayosimulia maisha ya aliyeifuma: alikotoka, alichokimbia, pengine na picha yake. Nimeziona lebo za namna hiyo kwenye maduka ya watalii mbali kabisa na mkoa wetu wa Mara, na waliozibandika bila shaka waliona wanatenda jema. (Kwamba picha hiyohiyo yaweza kufika kwenye simu ya mjomba aliyekuwa anamtafuta binti, hilo peke yake lingetosha kuzing'oa.)

Tuache usalama, tuzungumze biashara. Anayenunua kwa huruma hakagui. Analipa, anakunja, anaweka begini, anaondoka na roho nyeupe. Mama wa Tarime aendaye kununua sweta la mtoto hafanyi hivyo. Analigeuza ndani nje aone ncha za uzi zimefichwa au zimekatwa tu na kuachwa. Anavuta shingo kwa vidole viwili, maana anajua shingo iliyofungiwa kwa kukazwa haipiti kichwani, na kichwa cha mtoto mchanga hakijali kwamba sweta ni zuri. Anatazama kama mikono yote miwili ina urefu mmoja. Akiona kasoro anasema, tena kwa sauti. Mfumaji anaona aibu, anarudi nyumbani, anafumua, anaanza upya shingoni. Ufundi umekuzwa hivyo miaka yote. Binti ambaye kila alichofuma kimenunuliwa na kusifiwa atajifunzia wapi kwamba shingo zake zinabana? Atajua siku mfadhili atakapoondoka, na siku hiyo atakuwa mtu mzima mwenye watoto.

Mwenye shaka aitazame kofia ya Zanzibar, ile ya kushonwa kwa mkono, ya vitundu vidogovidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na wanaoishona wengi ni wanawake waliokaa majumbani mwao, wengine wenye shida zao kubwa. Je, kuna mzee wa Unguja, Mombasa au Muscat aliyewahi kununua kofia ya mkono ili kumsaidia mshonaji? Anainunua kwa sababu akiingia nayo msikitini wenzake wataitambua kwa jicho moja, na atakayevaa ya mashine watamtambua vilevile. Bei ya kofia hiyo inalindwa na wavaaji wanaojua. Hawahitaji lebo, na mshonaji hahitaji kumweleza mtu kilichompata utotoni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na makala ndefu kuliko zote katika toleo hili, inayotaka bei ipangwe kwa kuhesabu saa. Hesabu zenyewe si mbaya. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara; kwa wiki ya saa 45, hiyo ni kama shilingi 770 kwa saa. Seti iliyomchukua mfumaji saa 20 ingekuwa na ujira wa shilingi 15,400 kabla ya kununua uzi. Anayeiuza kwa elfu kumi na tano, uzi ukiwemo, amelipia mwenyewe fursa ya kufanya kazi. Sawa. Lakini hesabu hiyo inamwadhibu aliye hodari: mwenye mkono mwepesi atamaliza kwa saa 12 na alipwe pungufu kwa seti iliyo bora zaidi. Saa zimsaidie mfumaji kujua asishuke chini ya wapi. Juu ya hapo, mwamuzi awe jicho la mnunuzi.

Neno moja kuhusu mashine, kwa sababu mwandishi mwingine ameziogopa zote kwa pamoja. Ufumaji wa sindano mbili ulianza kushindana na mashine tangu William Lee abuni ya kufumia soksi huko Uingereza mwaka 1589, na sare za shule zetu zote leo ni za mashine. Kroshia ni habari nyingine. Hakuna kiwanda kinachotoa kroshia halisi. Kila kitambaa cha kochi cha kroshia unachokiona, hata kile cha bei ya kutupa kilichotoka ng'ambo, kuna mtu alikaa akavuta kitanzi baada ya kitanzi. Kwa hiyo bei ikiwa ya kutupa, aliyetupwa ni mtu. Ningekuwa mwalimu wa ufundi Mugumu, ningewaanzisha wanafunzi na kroshia na kuwaachia wenye mashine biashara ya sare.

Mengine kwa ufupi. Makala ya bei za uzi pande mbili za mpaka, Sirari na Isebania, isomwe na kila anayenunua uzi wa rejareja. Ile ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka uliofuata, ina majedwali mengi. Maofisa maendeleo ya jamii watayafurahia. Mahojiano na waongoza watalii yana jambo moja la maana: mgeni anayetoka kambini kabla ya jua kuchomoza, kwenye gari lililo wazi, hutetemeka, na hakuna anayemuuzia sweta.

Kuanzia toleo lijalo hatutachapisha tangazo la kazi za mikono lenye picha au simulizi ya maisha ya mfumaji. Tangazo litaje aina ya uzi, vipimo, namna ya kufua na bei. Mnunuzi akitaka kulalamika kwamba shingo inabana, ukurasa wa barua uko wazi.